Kidani cha Malkia Anne na Wanaokiiga

Habari za wafalme wa kale huandikwa zaidi kwa vita vyao, sheria zao na ugomvi wao. Mimi leo nataka kueleza habari za kitu kidogo kiwezacho kufichwa katika kiganja cha mkono, nacho ni kidani cha malkia mmoja wa Uingereza aliyekufa mwaka 1536. Kidani chenyewe hakijulikani kilipo. Walakini hata leo, karibu miaka mia tano baadaye, wako watu katika Ulaya na Marekani waketio mezani jioni na koleo, uzi na shanga, wakikitengeneza upya kwa mikono yao. Wengine kwa kukiuza, wengine kwa kukivaa wenyewe, wengine kwa ajili ya michezo ya kuigiza. Wengi wao hawakukijua kwanza katika vitabu vya historia. Walikiona katika senema.

Sababu iliyonifanya niyatafute mambo haya ni aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja wanafunzi wa shule niliyokuwa nikifundisha walicheza mbele ya wazazi mchezo wa habari za Mfalme Henry wa Nane, maana tulikuwa tumejifunza jinsi alivyoachana na Papa wa Rumi mwaka 1534. Binti mmoja akachaguliwa kuwa Malkia Anne. Nami nalikuwa na picha ya malkia huyo katika kitabu, nikasema moyoni, Si vyema malkia atokee shingo tupu. Nikanunua sokoni shanga nyeupe za kioo, nikazitunga katika uzi wa kushonea nguo. Nikapinda waya wa shaba hata ukawa kama herufi B, nikaining'iniza katikati. Kwa mbali kilipendeza. Lakini malkia alipoinama kumsalimu mfalme, uzi ukakatika, shanga zikamwagika zote, na watoto wadogo walioketi mbele wakazirukia kama kuku waliotupiwa mtama. Wazazi wakacheka, hata mfalme naye akashindwa kujizuia.

Jioni yake binti yule akaja nyumbani kwangu na shanga alizoweza kuziokota, amezifunga katika kitambaa. Akaniuliza, "Mwalimu, kidani hiki ulikiona wapi?" Nikamjibu, "Katika picha, binti yangu." Akasema, "Naye aliyeichora picha, yeye alikiona?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitalitafuta.

Anne Boleyn alikuwa binti wa Sir Thomas Boleyn, mtu wa cheo katika nyumba ya mfalme. Ujana wake aliutumia katika Ufaransa, akimhudumia malkia wa huko, na ndiko alikojifunza mavazi na adabu za Kifaransa. Mfalme Henry akampenda, naye wakati huo alikuwa ameoa, mke wake Catherine wa Aragon. Ugomvi uliotokea kwa ajili ya ndoa hizo mbili wasomaji wengi wanaujua, kwa hiyo sitauandika tena. Henry na Anne walioana mwezi wa Januari 1533; tarehe 1 Juni mwaka huo Anne akavikwa taji; tarehe 7 Septemba akazaa mtoto wa kike, Elizabeth. Mfalme alitaka mtoto wa kiume. Tarehe 19 Mei 1536 Anne, akiwa ameshtakiwa uzinzi na uhaini, alikatwa kichwa kwa upanga ndani ya ngome ya London, na siku kumi na moja baadaye mfalme alioa mke mwingine, Jane Seymour.

Hapo ndipo habari ya herufi inapoanza kuwa na uzito. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuandika herufi za majina ya mume na mke pamoja, H na A, katika mbao, mawe na vioo vya majumba ya mfalme. Anne alipouawa, mafundi walizing'oa au kuzichonga upya ziwe za Jane, maana mfalme hakutaka kumwona tena mwanamke yule hata katika dari. Walakini mafundi ni wanadamu, na majumba ni makubwa. Katika kanisa la chuo cha King's, huko Cambridge, liko pazia kubwa la mbao lililochongwa kati ya mwaka 1533 na 1536, na mpaka leo lina herufi zake. Mimi napenda kufikiri kwamba seremala mmoja alitazama juu, akaona kazi yake ilivyo nzuri, akashuka ngazi asiseme neno. Hayo ni mawazo yangu tu, si historia. Lakini herufi zipo.

Sasa turudi kwenye swali la binti. Picha ambayo karibu kila mtu anaijua iko London, katika nyumba ya taifa ya kuwekea picha za watu mashuhuri. Yaonyesha mwanamke mwembamba wa macho meusi, mwenye kofia ya Kifaransa iliyopindwa kwa duara na kupambwa lulu. Shingoni ana uzi wa lulu, katikati yake herufi B ya dhahabu, na chini ya herufi hiyo lulu tatu zenye umbo la matone ya maji. Ukiitazama husemi neno ila hili, Huyu ndiye. Kumbe picha hiyo ilichorwa mwishoni mwa karne ya 16, miaka mingi baada ya yeye kufa! Wakati huo Elizabeth, yule mtoto wa kike asiyetakiwa, ndiye aliyekuwa akitawala Uingereza, kuanzia mwaka 1558 hata 1603. Na wakuu wa nchi walipenda kupanga katika kumbi zao picha za wafalme na malkia kwa safu. Wachoraji wakawafanyia. Aliyeichora hii hajulikani jina, naye aliinakili kutoka katika picha ya zamani zaidi ambayo haipo tena.

Tena kuna jambo lingine. Sura ya Anne iliyofanywa katika siku za uhai wake, ambayo wataalamu hawabishani juu yake, ni moja tu, nayo si picha ya rangi. Ni medali ndogo ya risasi ya mwaka 1534, iliyo katika British Museum, nayo imepondeka puani vibaya. Katika medali hiyo malkia hakuvaa kofia ya Kifaransa. Amevaa ile ya Kiingereza, yenye pembe kama paa la nyumba. Lakini ukizitazama senema, karibu zote humvika ile ya Kifaransa, kwa sababu ndiyo iliyo katika picha ya London, na, nadhani, kwa sababu inaupendeza zaidi uso wa mchezaji.

Basi jibu la kwanza kwa binti yangu ni kwamba, Hapana, aliyeichora picha ile hakukiona kidani. Lakini nisingependa aondoke na neno hilo peke yake, maana ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli huweza kupoteza mtu kuliko uongo. Mapambo ya herufi yalikuwapo kweli katika nyumba ya Henry. Hans Holbein, mchoraji mkuu wa mfalme, alichora vielelezo vingi vya mapambo kwa masonara, na karatasi zake zimehifadhiwa katika British Museum. Baadhi yake ni herufi zilizosukwa pamoja kama mkeka, zikining'inia lulu. Kwa hiyo herufi B ya dhahabu yenye lulu tatu si jambo la ajabu kwa mahali pale na miaka ile. Aliyeinakili picha hakuwa na haja ya kuibuni. Mimi naamini kidani kilikuwapo. Siwezi kuapa, ila naamini.

Kilikwenda wapi? Mapambo ya malkia aliyeuawa yalikuwa mali ya mfalme, na dhahabu huyeyuka, na lulu huhamia katika vazi lingine. Wako wasimulizi wasemao kwamba lulu zake zimo hata leo katika taji la wafalme wa Uingereza, lakini hakuna hati iliyopata kuonyeshwa ya kulithibitisha neno hilo, nami naliweka pamoja na hadithi za jioni.

Watu wengine hudharau vitu vya kuiga, wakisema lulu ya kioo ni uongo wa shingoni. Hao hawajui kwamba kuiga nako kuna historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 17 fundi mmoja wa Paris, jina lake Jaquin, alitengeneza lulu kwa vidonge vya kioo vilivyo wazi ndani, akavipaka kwa ndani maji mazito yaliyotokana na magamba ya samaki mdogo wa mtoni, kisha akavijaza nta. Mng'ao wa magamba ukawa kama mng'ao wa lulu. Baadaye Georges Frédéric Strass, aliyefika Paris mwaka 1724, alipata sifa kubwa kwa vito vya kioo kilichochanganywa na risasi, vilivyometa kama almasi. Mwaka 1734 akapewa cheo cha sonara wa mfalme. Hata matajiri waliokuwa na almasi za kweli walivivaa, na vile vilivyobaki mpaka leo huhifadhiwa vyenyewe kama mali ya thamani.

Nami ni Mwafrika wa Mashariki, nina sababu nyingine ya kutoidharau lulu ya kioo. Lulu za kweli hutoka katika chaza, na chaza hukaa chini ya bahari. Ghuba ya Uajemi ilikuwa moja ya mahali pakuu pa kuzitafuta tangu zamani sana. Katika karne ya 19 miongoni mwa wapiga mbizi wa Ghuba walikuwamo watumwa waliochukuliwa kutoka pwani yetu, wakashushwa kwa kamba yenye jiwe, pua zimebanwa, siku nzima kushuka na kupanda, ili mwanamke wa mbali apate uzi wa lulu. Lulu ya kioo haikumzamisha mtu.

Sasa nije kwenye senema. Mwaka 1934 ilitokea Marekani picha moja iliyoitwa The Affairs of Cellini. Cellini huyo alikuwa sonara mashuhuri wa Florence, aliyezaliwa mwaka 1500 akafa 1571, na mwenyewe aliandika kitabu juu ya ufundi wa dhahabu. Husimuliwa kwamba kijana mmoja, Eugene Joseff, mzaliwa wa Chicago aliyekuwa amehamia Los Angeles, aliitazama akamwambia rafiki yake mbuni wa mavazi ya senema: mavazi ni ya karne ya 16, lakini vidani ni vya karne ya 20! Fikiri, wasomaji: senema ya kumsifu sonara, na walichokosea ni usonara. Rafiki akamjibu kama wengi wajibuvyo mkosoaji, kwamba kama anajua zaidi na atengeneze yeye. Naye akatengeneza. Joseff alikusanya vitabu na picha za kale, akafungua karakana, akawa akiwapa watengenezaji wa senema mapambo kwa kukodi, si kwa kuuza, ili yarudi na kutumika tena. Baadhi ya mapambo ya Gone with the Wind, ya mwaka 1939, yalitoka kwake. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1948, na mjane wake, Joan, akaiendeleza kazi hiyo hata akafa mwaka 2010.

Nampenda mtu huyo kwa kuwa alikataa kosa. Lakini tazama jambo lililompata. Taa za senema ni kali mno. Dhahabu ing'aayo ikipigwa na taa hizo hurudisha mwanga ukaharibu picha. Joseff akabuni rangi ya dhahabu iliyofifia, isiyorudisha mwanga. Katika senema ikaonekana dhahabu safi. Ukiishika mkononi waona ni kitu kilichopauka. Yaani alilazimika kukiharibu kidogo ili kionekane cha kweli. Sitamlaumu, maana hata mwalimu akichora ramani ubaoni huunenepesha mto ili wa nyuma wauone. Ila mtu akikiiga kitu cha senema, ajue ameiga na ule unene wa mto.

Basi kidani cha Anne kimepita katika mikono mingapi? Malkia alikivaa, mchoraji wa kwanza akakiweka katika picha iliyopotea, mchoraji wa pili akainakili, fundi wa senema akakifanya upya kwa kuitazama picha ya pili, kama ilivyokuwa katika The Other Boleyn Girl ya mwaka 2008, kisha mwanamke mmoja nyumbani kwake akaitazama senema, akachukua koleo. Ni kama salamu zilizopita katika vinywa vitano toka kijiji cha mbali. Zaweza kufika sawasawa, lakini mwenye akili huuliza, Nani alikuambia?

Naliwachunguza wale wafanyao kazi hiyo kwa uangalifu, maana wako, na nimejifunza kwao mambo ambayo shuleni sikuyapata. Hawaanzi na senema; huirudia picha ya London. Ili kujua ukubwa wa lulu, hupima kile kiini cha rangi katika jicho la malkia, maana kwa mtu mzima upana wake hukaribia milimita 12. Lulu ikiwa theluthi mbili za upana huo katika picha, basi ilikuwa kama milimita 8. Naam, mchoraji huweza kuyakuza macho ili yapendeze, lakini ni kipimo bora kuliko kukisia. Herufi B huchongwa kwanza kwa nta. Nta hiyo huzungushiwa udongo au plasta, ikachomwa ikatoka, na mahali pake pakamiminwa shaba au fedha iliyoyeyuka, kisha hupakwa dhahabu. Cellini aliijua njia hiyo ya nta, na mafundi wa Benin, katika Afrika ya Magharibi, waliijua pia, na kazi zao zinashangaza dunia. Asiyekuwa na tanuru hukata herufi katika bati la shaba kwa msumeno mwembamba, akailainisha kwa tupa. Kila lulu ya tone hupitishwa waya toka chini, na juu waya hupindwa kuwa pete ndogo.

Na uzi! Hapa nilijiona mjinga. Lulu hutungwa kwa hariri, si kwa uzi wa nguo, na baada ya kila lulu hupigwa fundo, likasukumwa kwa sindano mpaka limekazana na lulu yenyewe. Mafundo huzizuia lulu zisisuguane. Na uzi ukikatika, huanguka moja tu. Kama nalijua hivyo, malkia wangu angalimaliza mchezo wake kwa heshima.

Jambo moja linawasumbua wote, nalo ni nyuma ya shingo. Mchoraji alimchora malkia kwa mbele. Kilifungwaje? Wengine hutia kulabu, wengine utepe, na walio waaminifu humwambia mnunuzi kwamba hapo wamebuni. Neno hilo moja, tumebuni, ndilo linalotenganisha kazi ya kuiga na kazi ya kudanganya. Wako wauzao kidani hicho na kusema ni "sawa kabisa na kile alichovaa malkia". Nani alikiona akajua kuwa ni sawa kabisa?

Hata hivyo siwezi kuwakataa wanaoiga. Mfalme aliyekuwa na nguvu za kuamuru waashi na maseremala alitaka jina la mwanamke huyu lifutwe. Kama yule mchoraji asiyejulikana asingalinakili, tusingaliijua B hata kidogo, na uso wa Anne ungalikuwa ni ile risasi iliyopondeka pua. Kwa mkono wa mwenye kuiga herufi yake imepita, na dhahabu yenyewe haikupita.

Nalimpelekea binti majibu hayo katika likizo. Alisikiliza yote, akasema kwamba basi tukitengeneze tena. Tukanunua uzi wa hariri kwa fundi cherehani, na mafundo aliyapiga yeye, maana vidole vyangu ni vizito. Kazi ilituchukua siku tatu. Waya wa shaba tuliugonga ukawa bapa, tukaukunja upya, na safari hii B ilisimama wima. Nyuma alitia utepe mweusi. Kidani kimo katika sanduku la vifaa vya historia, na juu ya kifuniko amebandika karatasi kwa mwandiko wake: "Mbele, kama ilivyo katika picha ya London. Nyuma, tumebuni."